Kabati la Nywila la Mzee Kulwa

Pasiansi, Mwanza
3 Februari 2025

Mwanangu Sabina,

Habari za huko Bergen? Sisi hapa hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua inakuja kabla ya redio. Tunatumaini na wewe u mzima na kwamba unavaa lile koti. Mama yako amesimama nyuma yangu anasisitiza niandike habari ya koti. Nimeandika.

Najua unasema ujumbe wa simu hauhitaji tarehe wala salamu ndefu. Mimi nilifundishwa kuandika barua na nitaandika barua, hata kama inapitia WhatsApp.

Nina shida. Barua pepe yangu imenifungia nje. Unakumbuka nywila zangu zote nilikuwa nimeziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana, nyuma ya zile mbao za mvule: ya barua pepe, ya ukurasa wa Facebook wa mashua, na ya benki, ambayo niliiandika nusu kwa ajili ya usalama. Juzi Masele, fundi wangu wa rangi, alibakiwa na rangi nyeupe kidogo kwenye kopo, akaona ukuta mchafu, akaamua kunifanyia hisani. Nilipofika asubuhi karakana ilikuwa inang'aa kama zahanati mpya. Yeye alikuwa amesimama mlangoni anasubiri nimshukuru. Nilimshukuru, kisha nikakaa chini.

Na hapo nina mteja. Anaitwa Mama Getruda Chenge, mkunga mstaafu wa kisiwa cha Irugwa. Kikundi chao cha akina mama kinataka mashua ya kuwavushia wajawazito kwenda hospitali, kwa sababu sasa hivi wanategemea mitumbwi ya wavuvi, na mtoto hasubiri mvuvi amalize kutega nyavu. Kamati yao inataka kila kitu kwa maandishi, ndiyo maana aliniandikia barua pepe. Namba yake ya simu imo humo humo ndani. Nisipomjibu atakwenda kwa yule wa Igombe na plastiki zake. Unajua ninayemsema. Sitamtaja.

Nisaidie, mama.

Wako,
Baba


Bergen
4 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Shikamoo na Mama pia. Mimi ni mzima. Mvua inanyesha, lakini hapa hiyo si habari, ni hali ya kawaida kama kuta. Koti navaa. Kazini tunaendelea kupima umri wa samaki kwa kuhesabu maduara ya mfupa wa sikio, kazi inayomfanya Mama awaambie majirani kuwa mimi ni daktari wa masikio. Mwache tu.

Barua pepe nimekurudishia, kwa kuwa namba yangu ndiyo uliyoiweka kama namba ya dharura. Mjibu Mama Getruda leo.

Yule wa Igombe ana jina, Baba. Anaitwa Doto, ni pacha wako, na kwangu mimi ni baba mdogo. Mwaka wa tatu sasa hamsemeshani kwa sababu ya neno lililosemwa ufukweni mbele ya wateja. Sisemi zaidi.

Sasa kuhusu ukuta. Kwenye simu niliyokutumia nataka uweke programu ya kutunza nywila. Nimekutumia jina lake hapo chini. Ichukulie kama kabati. Nywila zote zinakaa ndani, na wewe unakumbuka moja tu ya kufungulia kabati, inaitwa nywila kuu. Iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana, na usimwambie mtu yeyote. Halafu, ili usiiandike kila mara, unaiambia simu ifungue kabati kwa alama ya kidole. Ingia Mipangilio, kisha Usalama, kisha Fungua kwa Kidole. Weka kidole, ondoa, weka tena, mpaka duara lijae.

Mtu yeyote. Narudia kwa sababu nakujua.

Mwanao,
Sabina


Pasiansi
9 Februari 2025

Mwanangu Sabina,

Marahaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Goti limetulia.

Mama Getruda nimemjibu. Ni mwanamke wa maswali. Ameuliza unene wa mkuku, ule mti wa chini kabisa, ameuliza mataruma, zile mbavu za ndani, ni mangapi, ameuliza kama mama mwenye uchungu anaweza kulala chali bila kichwa chake kugonga benchi. Nimependa maswali yake. Wateja wangu wengine huuliza rangi tu.

Kabati nimelipata na limekaa vizuri kwenye simu. Nywila yangu kuu ni randa kambale jumatano shangazi. Usimwambie mtu.

Tatizo ni kidole. Duara halijai. Nimeweka kidole gumba, simu ikasema safisha kidole. Nikanawa kwa sabuni. Ikasema bonyeza taratibu. Nikabonyeza kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Ikasema jaribu kidole kingine. Nimekwenda vidole vyote, Sabina, mpaka vikaisha, na nakwambia kweli nilivua kiatu. Ilikataa pia. Masele anasema msasa na tezo la kuchongea mbao vimekula alama zangu zote, kwamba mimi sasa ni mtu asiye na ushahidi, naweza kuiba benki. Nimemwambia arudi kwenye rangi.

Mama yako akaja akasema, lete nikuonyeshe jinsi ya kubonyeza. Akaweka kidole chake cha cherehani, laini kama siagi, akakiondoa, akakirudisha, na duara likajaa palepale. Simu ikaandika: Hongera, umefanikiwa.

Kwa hiyo sasa kabati ni langu lakini mlango ni wa mama yako. Jana mteja wa Kayenze alitaka picha za mashua, ikabidi niende mpaka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya kuazima kidole. Waimbaji waliacha kuimba. Mama yako aliweka kidole polepole sana, akasoma kwanza mteja ni nani, akauliza kama huyo si yule aliyewahi kutusumbua, ndipo akanirudishia simu. Leo asubuhi hakutaka kufungua mpaka niseme nani alimaliza maziwa.

Hali hii haiwezi kuendelea.

Wako,
Baba


Bergen
10 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Poleni na shughuli. Nimesoma barua yako kwenye basi na watu wamehama viti.

Kwanza, umeniandikia nywila kuu. Nilisema usimwambie mtu yeyote, na mimi ni mtu. Ibadilishe.

Pili, achana na vidole. Simu hiyo inaweza kukutambua kwa sura. Mipangilio, Usalama, Fungua kwa Sura. Simama kwenye mwanga, ishike mbele ya uso, geuza kichwa taratibu kama itakavyokuelekeza. Ukimaliza, kidole cha Mama kifute. Mwambie kwa upole.

Mwanao,
Sabina


Pasiansi
12 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nywila nimebadilisha kama ulivyoagiza. Sasa ni gunia sangara kengele mjomba. Nakuandikia ili uamini kwamba kweli nimebadilisha.

Sura imekubali mara ya kwanza. Simu iliniambia nizungushe kichwa, nikazungusha kama mtu anayetafuta nyuki, na ikasema imenijua. Nikivaa kofia inanijua. Nikivua inanijua. Nikiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope inanijua. Mama yako alijaribu kuitazama, ikamkatalia. Nilifurahi kuliko ilivyo haki. Kidole chake nimekifuta, na wakati wa chakula nyama niliyopewa ilikuwa mfupa.

Wako,
Baba


Bergen
12 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Badilisha tena.

Sabina


Pasiansi
13 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimebadilisha. Sikwambii.

Baba


Pasiansi
11 Aprili 2025

Mwanangu Sabina,

Habari za siku nyingi? Naandika kwa simu ya mama yako, ambaye amesimama hapa na ana furaha ambayo haifichi.

Simu yangu imepotea. Juzi nilikuwa mjini, Nyamagana, nilipita benki, nikapita sokoni, nikapita kwa Anil kununua misumari, nikala ndizi mahali fulani, na nilipofika nyumbani mfuko ulikuwa mtupu. Misumari pia sina, kwa hiyo sijui nilipoteza akili wapi hasa. Jana nimezunguka kote huko isipokuwa kwa Anil, kwa kuwa duka lilikuwa limefungwa, ana harusi ya mpwa wake.

Si simu ninayoililia. Ni Mama Getruda. Kamati yao ilikuwa ikae wiki hii kuamua, na kuna watu wamewaambia habari za faiba, zile plastiki za Igombe. Alisema ataniuliza swali moja la mwisho na nijibu haraka. Sasa swali litakuja na mimi sipo. Na kabati limo humo, na kila kitu changu kimo kwenye kabati. Mwizi akiingia atakuwa Kulwa kuliko mimi.

Sijalala vizuri. Niambie la kufanya.

Baba


Bergen
11 Aprili 2025

Baba, shikamoo. Shikamoo Mama.

Pole sana, lakini tulia. Hiyo ndiyo faida ya kabati. Mwizi hawezi kulifungua bila nywila kuu, ambayo mara hii hukumwambia mtu, au bila sura yako. Ili aingie ingebidi awe na uso wako huo huo, pua hiyo hiyo, na mtu wa namna hiyo Mungu hakuumba. Usitume ujumbe wowote wa kuogopa kwa mtu. Kesho nenda kwa Anil.

Mwanao,
Sabina


Bergen
11 Aprili 2025, jioni

Baba,

Nimekumbuka kwamba Mungu aliumba.

Nenda kwa Anil mapema.

Sabina


Igombe
12 Aprili 2025

Mwanangu Sabina,

Hujambo, mama? Usishtuke kuona barua hii inatoka kwenye namba ya baba yako. Mimi ni Doto, baba yako mdogo. Sisi huku Igombe wazima. Mwanao mdogo Hellen, mjukuu wangu, ameota meno na anauma kila mtu bila kubagua. Nasikia wewe unasoma samaki huko kwenye baridi. Nasikia kwa watu, maana nyumbani kwenu sifiki.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa kabla hujasikia kwa mwingine. Leo asubuhi nilikwenda kwa Anil kununua gundi ya faiba. Kabla hata sijamsalimia, akachomoa simu chini ya kaunta na mfuko wa misumari, akasema, "Mzee, uliviacha hapa siku ile." Anil ametuuzia vitu tangu akiwa anamsaidia baba yake, na mpaka leo hajui nani ni nani kati yetu. Anatuita wote Mzee na mambo yanakwenda. Nikaiinua simu ili nimwambie si yangu. Ikanitazama, ikafunguka. Sasa ningesema nini? Anil alikuwa tayari anamhudumia mtu mwingine.

Nilikusudia kumpa kijana wa bodaboda aipeleke Pasiansi. Nimekaa kwenye benchi pale nje namsubiri, mara simu ikalia, na juu ya kioo pakaandikwa jina la mama mmoja, Getruda Chenge, na maneno "jibu la mwisho tafadhali". Niseme kwamba ningeacha? Nilibonyeza. Barua pepe ikataka nywila. Likatokea hilo kabati, likanitazama, likafungua kila kitu. Sabina, ni muda sasa hakuna kitu cha kaka yangu kilichoniangalia usoni kikaniamini.

Yule mama ameandika hivi: "Mzee Kulwa, kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka mbao yako na wapo wanaotaka faiba ya ndugu yako. Wewe tumekuona mkweli. Kwa ufukwe wetu wa mawe, na kwa watu tunaokusudia kuwabeba, tuchukue ipi? Tunapiga kura leo mchana."

Mimi ni mfanyabiashara. Nilikaa pale na simu mkononi, na jina la mwenzangu ndani yake, na muda hakuna. Nikajibu. Nilichojibu baba yako atakisoma mwenyewe, sitaki kujieleza kwa mtu kabla yake.

Kijana wa bodaboda alipokuja nilimrudisha, nikaja na simu nyumbani. Nimefikiria kumpa paroko. Nimefikiria kuirudisha kwa Anil nijifanye sikufika. Niambie nifanyeje, wewe umesoma.

Baba yako mdogo,
Doto


Bergen
12 Aprili 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Nimefurahi kusikia sauti yako hata kwa maandishi. Mbusu Hellen, na mpe kitu kingine cha kuuma.

Ulinifundisha kupiga kasia pale kwenye mawe ya Igombe, na nilipoogopa kina hukunirudisha ufukweni, uliniambia nitazame mbele na nipige. Kwa hiyo nakurudishia maneno yako. Usimpe bodaboda. Usimpe paroko. Peleka simu mwenyewe, mchana, mafundi wakiwepo, ili msipigane. Sitamwambia Baba chochote. Na kabati usilifungue tena, hata kama linakupenda.

Mwanao,
Sabina


Pasiansi
15 Aprili 2025

Mwanangu Sabina,

Habari za huko? Sisi huku wazima, na naandika kwa simu yangu mwenyewe, kwa hiyo ujue imerudi. Kaa chini nikusimulie, maana mama yako anasimulia vibaya, anaanza mwishoni.

Jana nilikuwa juu ya mataruma ya mashua ya mteja wa Kayenze, nikasikia nyundo za mafundi zimekoma. Nikatazama chini, nikajiona nimesimama mlangoni na mfuko wa misumari. Mbwa alikwenda akamnusa, akaja akaninusa, akaenda kulala.

Akasema, "Nimekuletea simu yako."

Nikasema, "Iweke hapo."

Akaiweka juu ya ubao. Hakuondoka. Nikashuka, kwa sababu ya goti nikashuka polepole, na kushuka polepole mbele ya mtu uliyekosana naye ni adhabu. Nikamuuliza, "Umeifungua?"

"Imejifungua."

"Simu haijifungui."

Akaichukua, akaishika mbele ya uso wake, ikafunguka. Nikamnyang'anya, nikaifunga, nikaishika mbele yangu, ikafunguka. Akaifunga, akaitazama, ikafunguka. Tuliendelea hivyo kama watu wanaobishania tochi. Masele akataka na yeye ajaribu, ikamkatalia, akasema basi tatizo si simu.

Ndipo Doto akasema, "Kuna kitu nimejibu kwa jina lako. Soma."

Nilijua nimekwisha. Nikasoma. Aliandika hivi: "Mama Getruda, faiba ni nyepesi na haiozi, na ndugu yangu anaijua kazi yake. Lakini ikipasuka kwenye mawe yenu, mtamsubiri fundi atoke Mwanza na gundi yake, na mgonjwa atakuwa ufukweni. Mbao ikipasuka, kijana yeyote wa kijijini ana misumari, pamba ya kuziba na nyundo. Kwa kazi yenu chukueni mbao. Ni nzito kidogo, na mimi ni mbishi kwenye muda wa kumaliza, mnivumilie. Kulwa."

Nilisoma tena. Sabina, sikuwahi kuandika kitu kizuri namna hiyo kuhusu kazi yangu mwenyewe. Nikamuuliza kwa hasira, maana sikujua nimuulizeje vinginevyo, "Kwa nini hukumwambia faiba?"

Akasema, "Aliuliza Kulwa. Nikajibu Kulwa."

Hapo ndipo nilimtazama vizuri. Kidevu chake kilikuwa na mikwaruzo, mingine mipya, mingine imeanza kupona. Nikamuuliza nani amemkwaruza. Akasema ni wembe, ananyoa bila kioo. Nikasema, mtu mzima na nyumba yako ya matofali, unanyoaje bila kioo? Akatazama ziwani. Akasema, "Tangu ile siku, kila nikijitazama asubuhi nakuona wewe umenuna. Nikakipa kioo kisogo."

Mafundi walikuwa wanasikiliza na hawakujificha. Nikawaambia nani amewapa mapumziko.

Lile neno unalijua. Alisema mbele ya wateja wangu kwamba natengeneza majeneza yanayoelea. Kuna usiku niliamka nikalisikia. Akaanza, "Kulwa, lile neno la siku ile..." akashindwa kulimaliza, na mimi nikagundua sitaki alimalize, maana angelimaliza ingebidi tulisikie tena wote wawili. Nikamwambia chai ipo. Akasema yeye siku hizi hanywi sukari. Nikasema hata mimi daktari amenikataza. Tukaipeleka nyumbani midomo yetu mikavu, na mama yako alipofungua mlango akatuona tumesimama, aliweka mkono kifuani, kisha akasema, "Nani kati yenu amekanyaga sakafu yangu na matope?" Akalia baadaye, jikoni. Mimi nilikuwepo jikoni pia.

Baba yako


Bergen
16 Aprili 2025

Baba, shikamoo. Shikamoo Mama. Baba mdogo, kama na wewe unasoma hapo juu ya bega, shikamoo.

Nimelia kazini. Mwenzangu wa maabara alidhani ni kwa sababu ya samaki, akanipa pole, akasema yule samaki hata hivyo alikuwa mzee.

Nimefurahi kupita maneno. Sasa nisikilize, Baba, maana nazungumza kama mtu wa usalama wako. Kabati ambalo watu wawili wanaweza kulifungua si kabati, ni rafu. Mle ndani mna benki. Najua sasa hivi mmepatana. Na nawajua. Mkikosana tena Jumanne kwa sababu ya msumari, Jumatano mmoja atakuwa ameandika kwenye Facebook ya mwenzake. Ingia Mipangilio, Usalama, Fungua kwa Sura, halafu bonyeza Futa Sura. Baada ya hapo utafungua kwa nywila kuu, ile usiyoniambia. Natumaini unaikumbuka.

Nijulishe ukimaliza.

Mwanao,
Sabina


Bergen
20 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Naona hujajibu habari ya sura. Naona pia kwamba ukurasa wako wa mashua umeweka picha ya faiba na maneno "hii nayo si mbaya". Nani ameandika?

Sabina


Pasiansi
27 Juni 2025

Mwanangu Sabina,

Habari za siku hizi? Mama yako anasema huko sasa jua halizami, nimemwambia aache hadithi. Sisi wote wazima. Hellen amekuja kututembelea na ameuma kila mtu wa Pasiansi. Samahani kwa kukaa kimya, kazi ilinimeza.

Irugwa walipiga kura wakachukua mbao. Nilidhani yameisha. Kisha Mama Getruda akaja mwenyewe Mwanza, mwanamke mfupi mwenye mwavuli, akaingia karakana moja kwa moja akampa mkono Doto, aliyekuwa amekuja tu kuazima msumeno, akamwambia, "Mzee Kulwa, nimelala nikifikiria jibu lako. Je, haiwezekani mbao ndani, na chini pale panapokwaruza mawe pakavikwa faiba? Ikipasuka ya chini tubaki na ya juu, tuzibe tuondoke." Doto akanitazama. Mimi nikamtazama Doto. Mama Getruda akatutazama wote wawili, akafungua mkoba akatafuta miwani.

Basi tumeitengeneza pamoja. Usifikiri imekuwa raha. Anataka mbao zangu zikaushwe zaidi ili gundi ishike, mimi nasema zimekauka, anaweka shavu kwenye ubao anasema anasikia maji. Nilimfukuza mara moja akaenda mpaka barabarani, akarudi kuchukua kofia, akabaki. Mafundi wameacha kutuuliza lolote, wanasema ukimuuliza mmoja mwingine anajibu tofauti, na wote ni Mzee. Lakini ungeiona, Sabina. Benchi la katikati linatoka, mama analala chali, juu kuna turubai. Mama Getruda alilala humo mwenyewe na mwavuli wake, akatuambia tumtikise. Tukamtikisa. Aliamka akasema anaiamini. Akatuambia kuna binti mmoja wa kule, mwaka jana, hakufika. Hakutaja jina. Siku ile Doto na mimi hatukubishana kitu mpaka jioni.

Sasa nikujibu habari ya sura.

Leo asubuhi nilikusudia kufanya kama ulivyosema. Ulikuwa sahihi na mama yako amenikumbusha kila siku. Lakini nilikuwa chini ya mashua, mikono imejaa gundi mpaka kwenye kiwiko, na mashua inaondoka kesho alfajiri, sitaki tena kukuambia nimesahau. Nikamwambia Doto achukue simu kwenye mfuko wa shati langu, aingie Mipangilio, Usalama, nikawa namsomea njia kutoka kichwani. Akafika. Akabonyeza Futa Sura. Simu ikasema kwanza ihakikishe ni mimi. Ikamtazama. Ikaridhika.

Akaniambia, "Inauliza kama una uhakika."

Nilikuwa nimelala chali chini ya mkuku, naona miguu yake tu. Ana viatu vilivyopasuka upande ule ule ninaopasulia vyangu.

Akauliza tena, "Kulwa, nijibu nini?"

Nikamwambia airudishe simu mfukoni, ashike upande wa pili wa kitambaa cha faiba, gundi inakauka.

Kwa hiyo usisubiri, mama. Benki nimeitoa kwenye kabati, ina nywila ya peke yake, ambayo naikumbuka na sikwambii. Mengine yabaki kama yalivyo.

Baba zako,
Kulwa

na Doto, ambaye ndiye aliyeandika barua hii, maana mikono ya mwenzangu bado haijatoka gundi